Gemu la treni: chora reli ya Singida–Katesh, achana na SGR

Wapenzi wa magemu ya treni mnajua raha yake si kuendesha tu, ni kutandika reli mwenyewe. Trainz ina sehemu ya kuchora ardhi na reli tangu ilipotoka 2001, na Open Rails ni ya bure kabisa, inasoma hata njia za gemu la zamani la Microsoft. Sasa ishu ni moja: uchore njia gani?

Wengi watakimbilia TAZARA. Si vibaya. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, imejengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China, na kipande cha Mlimba–Makambako kina madaraja na mahandaki kibao. Wengine watachora SGR ya umeme, iliyoanza kubeba abiria wa Dar–Dodoma 2024, spidi hadi kilomita 160 kwa saa. Poa, lakini hapo unaiga kitu ambacho tayari kipo.

Mimi nasema chukua tawi la Manyoni–Singida, liendeleze mpaka Katesh na Babati. Miaka ya 1930 reli iliwahi kuipita Singida ikafika Kinyangiri, Mkalama ya leo. Miaka ya 1940 ikang'olewa. Ilipokuja kujengwa tena iliishia Singida mjini. Hanang na Mbulu mpaka leo hatuna reli. Ngano ya Basotu na vitunguu swaumu vya Mbulu vinasafiri kwa Fuso, na nauli ya mzigo ikipanda, anayekatwa bei ni mkulima.

Ukiingiza ramani ya miinuko kwenye gemu, ndipo utaona kazi ilipo. Singida hadi Katesh ni uwanda wa juu, si pabaya sana. Kupanda Mbulu ndiyo balaa, maana pale Dareda kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Fuso itapanda kwa gia ndogo, ila gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza. Treni ya mizigo inahangaika hata pale ambapo kila mita 100 njia inapanda mita 2 tu. Kwa hiyo ama uzunguke mbali, ama utoboe mlima, ama Mbulu ishushe mzigo wake chini kwa lori.

Kuna Katesh yenyewe. Desemba 3, 2023 matope ya Mlima Hanang yaliua makumi ya watu. Ukipitisha reli chini ya makorongo yale bila madaraja ya maana, umejenga bwawa la matope.

Na msisahau mzigo. Reli ya Nachingwea–Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ukafeli, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Ngano ni ya msimu. Miezi mingine treni itabeba nini?

Ndiyo maana nasema huu si mchezo wa watoto. Siku mwanasiasa akija kuahidi reli, aliyeichora mwenyewe hatapiga makofi tu. Atauliza: inapita wapi, korongo lipi linapata daraja, na mzigo wa kurudi ni upi?

Nyie mngepitishia wapi, Dareda au mngezunguka? Mwageni maoni hapo chini.