Wanaosema haina moyo hawakumsikiliza mpishi

Miaka imepita tangu The French Dispatch ya Wes Anderson itoke, na bado ukiitaja mbele ya wapenzi wa sinema, baraza linagawanyika palepale. Wapo wanaoapa kuwa ni kazi ya fundi aliyeiva. Wapo wanaosema ni mapambo matupu: kila fremu imepangwa kwa rula, kila ukuta umepakwa rangi ya kupendeza, lakini mtazamaji anatoka bila kuguswa. Mimi nimo katika kundi la kwanza, na nina sababu zangu, nyingine zikitoka kwenye kazi ninayoifanya. Ni mhariri wa gazeti, na filamu hii inahusu wahariri na waandishi wao.

Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Cannes, Julai 2021, baada ya korona kuichelewesha. Anachotuletea Anderson ni toleo la mwisho la jarida la Kimarekani linalotengenezwa Ufaransa, katika mji wa kubuni uitwao Ennui-sur-Blasé. Picha zenyewe zilipigwa Angoulême. Mhariri wake, Arthur Howitzer, anayeigizwa na Bill Murray, amefariki, na wosia wake unaagiza jarida lifungwe baada ya toleo hilo. Basi tunafungua kurasa. Kuna makala fupi ya mwandishi anayezunguka mji kwa baiskeli, kisha tatu ndefu: ya mchoraji aliyefungwa kwa mauaji, ya wanafunzi walioasi, na ya mpishi wa polisi.

Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Mpwa wangu, msichana wa chuo, aliitazama hadi katikati akaniuliza, "Mjomba, hadithi yenyewe inaanza saa ngapi?" Nilimwonesha gazeti lililokuwa mezani. Ukurasa mmoja una Simba na Yanga, wa pili una bei ya mbolea, wa tatu una tanzia, na hajawahi kutokea msomaji akatupigia simu kudai kwamba habari ya mbolea haikuendeleza ile ya mpira. Anderson ametengeneza gazeti. Anayelisubiri lizae shujaa mmoja na safari moja atasubiri mpaka taa ziwashwe.

Lawama ya pili ni maneno mengi. Kila makala inasimuliwa na mwandishi wake tangu mwanzo hadi mwisho: mmoja jukwaani akitoa mhadhara kwa picha za slaidi, mwingine kwenye kipindi cha televisheni akiighani makala yake kwa kichwa, neno kwa neno. Kwetu usimulizi juu ya picha si jambo geni. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanakumbuka jinsi sauti ya mtafsiri Lufufu ilivyoibeba filamu ya Kihindi au ya Hong Kong, na wengi waliifuata sauti hiyo kuliko waigizaji wenyewe. Lakini nakubali Anderson anakimbia mno. Msimulizi anaongea, Kifaransa kinatafsiriwa chini ya picha, na ukutani kuna maandishi mengine yanayotaka kusomwa. Kwenye skrini ya simu, hiyo ni adhabu.

Lawama nzito zaidi ni ile ya ubaridi, na hiyo siikubali kabisa. Juu ya mlango wa ofisi ya Howitzer pamebandikwa amri: hakuna kulia. Sheria hiyo ndiyo inayoendesha filamu nzima. Kwenye msiba kuna ndugu mmoja anayehangaika na turubai, viti na hesabu ya sahani, hatoi chozi, na hakuna mwenye akili timamu anayesema ndugu huyo hana uchungu. Mtindo wa Anderson unafanya kazi hiyo. Sehemu kubwa ya filamu ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi ikija inakuja na maana: tunapooneshwa picha ya mchoraji mfungwa, au mtoto aliyetekwa anapotaka kujua macho ya mwanamke aliye upande wa pili wa mlango yana rangi gani.

Tazameni makala ya mpishi. Roebuck Wright, mwandishi Mmarekani mweusi aliyehamia Ufaransa, mhusika aliyechongwa kwa sehemu kutokana na James Baldwin, ametumwa kuandika kuhusu Nescaffier, mpishi wa kamishna wa polisi. Mtoto wa kamishna anatekwa. Nescaffier anapeleka chakula chenye sumu, na watekaji wanamlazimisha aonje kwanza. Anaonja. Anaponea chupuchupu.

Howitzer anaisoma makala na kulalamika kwamba mpishi mwenyewe haongei karibu chochote. Wright anakiri kuna kipande alikitoa kwa sababu kilimhuzunisha. Karatasi iliyokunjwakunjwa inafunguliwa, na tunamwona Nescaffier kitandani akieleza kwamba sumu ile ilikuwa na ladha ambayo hajawahi kuionja maishani mwake. Kisha wanaume hawa wawili, wote wageni mjini, wanazungumza kidogo juu ya kitu wanachokitafuta ugenini na kile walichokiacha nyuma. Mhariri anamwambia hicho ndicho kipande bora kuliko vyote, kisitolewe. Mswahili anayeishi Muscat au Minneapolis hahitaji kuelezwa kwa nini.

Nimekutana na tukio kama hilo kazini. Ripota kijana alirudi kutoka kwenye mafuriko na habari safi: idadi ya nyumba, kauli ya mkuu wa wilaya. Nilipomuuliza nini alichokifuta, akataja kipande cha mama aliyekuwa akianika madaftari ya mwanawe juu ya bati, ukurasa kwa ukurasa, wino ukiwa umeshatiririka. Alikifuta kwa kuona si habari. Tulikirudisha.

Mahali ambapo wakosoaji wamenishinda ni makala ya wanafunzi. Imetokana na maasi ya wanafunzi wa Ufaransa ya Mei 1968, ambapo mgogoro uliochochewa pia na madai ya haki ya wavulana kuingia mabweni ya wasichana huko Nanterre uliishia kwenye mgomo wa mamilioni ya wafanyakazi. Anderson anabaki na mabweni na mchezo wa sataranji kati ya kijana na meya, wafanyakazi hawaonekani. Kijana, anayeigizwa na Timothée Chalamet, anakufa akitengeneza mnara wa redio, na kifo chake kinapita kasi kuliko utani uliokitangulia. Hapa hakuna karatasi iliyotolewa ikarudishwa. Frances McDormand, kama mwandishi anayeshindwa kujitenga na watu anaowaandika, alistahili makala nzito kuliko hiyo, na laiti Howitzer angeirudisha kwa mwandishi ikaandikwe upya.