Kreatini ya mazoezi: shaka iko kwenye ganda

Vijana mnaoniuliza kuhusu kreatini, mimi sioni ubaya wake. Mwili wenyewe huitengeneza, na imo pia katika nyama na samaki. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zamtosha mtu mzima mwenye afya, zikamsaidia kunyanyua vyuma. Mwenye maradhi ya figo asiiguse kabla ya kumwona daktari. Mwili ni amana.

Halali? Unga wake kwa kawaida hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, si kwa mnyama. Tatizo ni kapsuli: ganda lake laweza kuwa jelatini ya nguruwe. Basi ndugu yangu, soma lebo, au nunua unga mtupu (na mara nyingi ndio rahisi zaidi). Ramadhani unywe baada ya futari au wakati wa daku, na maji ya kutosha. Wallahu a'lam.