SHAURI KWA WALETAO HABARI: Sentensi ya Kwanza

Mtu apandaye basi Kangemi asubuhi kwenda kazini mjini Nairobi hana nafasi ya kusoma gazeti lote. Husoma sentensi ya kwanza ya habari, na hapo ndipo aamuapo kuendelea au kuiacha. Kwa hiyo mwenye kupeleka habari gazetini yampasa kuitunza sentensi hiyo kuliko zote. Nyota njema huonekana asubuhi.

Kosa la waandishi wengi ni kuanza kama karani aandikaye kumbukumbu za mkutano. Mathalani mtu wa Kabete ataka kuwaarifu wakulima wenzake juu ya chanjo ya ng'ombe, naye aanza hivi: "Mkutano mkubwa uliohudhuriwa na wazee wengi mashuhuri ulifanyika Jumamosi saa nne, ukafunguliwa kwa sala, kisha Mwenyekiti akawashukuru wote waliofika." Maneno hayo yana adabu, lakini ng'ombe hawamo. Siku ya chanjo imefichwa katika aya ya sita, na mkulima aliyechoka katika aya ya pili hataijua; ng'ombe wake watabaki bila kuchanjwa. Afadhali aandike: "Ng'ombe wote wa Kabete watachanjwa ugonjwa wa miguu na midomo Jumatatu ijayo." Sala na shukrani zaweza kufuata nyuma.

Hivyo jambo lililo zito huwekwa mbele, hata kama lilitukia mwisho. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Bwana Tom Mboya, Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, aliingia katika duka la dawa kwenye Government Road, barabara ambayo sasa yaitwa Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi, akafa. Msimulizi wa hadithi angeweza kuanza na kuingia kwake dukani. Mwandishi wa habari huanza hivi: "Waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi jana mchana katikati ya mji wa Nairobi." Nani, nini, lini na wapi, yote yamo, wala sentensi si ndefu.

Lakini neno moja halimo, nalo ni jina la aliyeua. Siku ile halikujulikana. Watu walikuwa na uchungu mwingi, na tarehe 8 Julai, wakati wa misa ya kumwombea marehemu katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, umati ulipambana na polisi. Mwandishi ambaye angetia uvumi juu ya kabila la muuaji katika sentensi yake ya kwanza angekuwa ameongeza kuni motoni. Hata mtu alipokwisha kushtakiwa, haki ilitaka aitwe mshtakiwa mpaka korti itoe hukumu.

Hesabu nazo zataka uangalifu. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, watu wenye silaha walilishambulia jengo la maduka la Westgate, huko Westlands. Usiku ule Serikali ilitaja watu 39 waliouawa. Mwishowe idadi ya waliouawa na washambuliaji hao ilifika 67. Aliyeandika kwamba Serikali imesema watu 39 wameuawa, maneno yake yalibaki kweli. Aliyeitaja hesabu hiyo bila kusema imetoka kwa nani, alionekana kesho yake kuwa mwongo, ingawa hakukusudia.

Tena iko sababu ya kale ya kutanguliza jambo kuu. Zamani za kupanga herufi za risasi, habari ilipozidi nafasi, aya za mwisho ndizo zilizotupwa. Aliyeiweka siku ya chanjo mwishoni aliichapishia pipa la takataka.

Basi mwenye habari na aache kuanza kwa kumwomba Bwana Mhariri nafasi kidogo katika gazeti lake tukufu. Nafasi hiyo ndiyo aipotezayo kwa kuiomba. Akiisha kuandika, na amsomee jirani sentensi ya kwanza peke yake, kisha amwulize: "Kumetokea nini?" Jirani akijibu sawasawa, barua na ipelekwe posta. Akisema, "Endelea kusoma," sentensi hiyo na iandikwe upya.