Daftari la Wiki: Rangi Ikikataa

Msimu wa harusi ukishaanza, saluni hazishikiki. Foleni ndefu, bei juu, na msusi uliyemzoea ana maharusi hadi usiku wa manane. Ndiyo maana boksi za rangi zinatoka haraka madukani na kazi inamaliziwa bafuni. Wengi wanafanikiwa. Wiki hii nawaandikia waliokwama, maana nimeshuhudia mara nyingi kwamba rangi iliyokataa yenyewe ni hasara ndogo. Nywele hukatika kwa sababu ya kile kinachopakwa juu yake usiku uleule, mwenye kichwa akiwa na hofu.

*

Jumamosi usiku mpwa wangu alinitumia picha. "Shikamoo shangazi. Naomba usimwonyeshe mama." Alikuwa amepaka boksi ya rangi ya dhahabu kwenye nywele zake za dawa. Karibu na ngozi, upana wa vidole viwili, zimekuwa rangi ya chungwa inayong'aa. Katikati ni wekundu wa kahawia. Ncha, ambazo mwaka jana alizipaka nyeusi, zimebaki nyeusi tii. Kwenye ukingo wa sinki niliona boksi ya pili imeshafunguliwa, na kando yake, kilichonitisha zaidi, chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

Nilimpigia hapohapo. Ile dawa ya kufulia huyeyusha protini, na unywele ni protini. Haifai kugusa kichwa hata ikichanganywa na ndoo nzima ya maji.

Kisha nikamweleza kilichotokea, kwa sababu mtu akielewa hupunguza papara. Nywele nyeusi zikipaushwa hazirukii dhahabu. Hupita kwanza kwenye wekundu wa kahawia, halafu chungwa, ndipo zifike njano, na peroksaidi ya boksi ya kawaida huishiwa nguvu njiani. Joto la ngozi huharakisha kazi yake, kwa hiyo nywele za karibu na kichwa hutangulia kung'aa. Ndiyo maana wasusi wenye uzoefu huanzia katikati na kumalizia kwenye ngozi. Nazo ncha zilikuwa na rangi ya zamani, na rangi mpya haina uwezo wa kuiondoa rangi iliyokwisha kuingia.

Sasa afanye nini? Asipaushe tena. Anachotakiwa ni kuishusha rangi, yaani kwenda kwenye kahawia iliyoelemea ubuluu au ujivu, maana buluu huua chungwa, kama zambarau inavyoua njano. Achague aina isiyo na amonia wala peroksaidi, ile inayokaa juu ya unywele na kufifia kila unapoosha. Kabla ya hapo azipumzishe wiki mbili kwa kondishona nzito, na ajaribu kwanza kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio, aone kikikauka kimekuwaje. Dawa ya kulainisha nayo isikaribiane na rangi, ziachane walau wiki mbili. Blichi kwenye nywele za dawa mimi siishauri kabisa. Kemikali zote mbili zinavunja unywele kwa ndani, na kichwa hicho hakina akiba ya kulipia mara mbili.

*

Kuna kipimo kidogo nakipenda kwa sababu hakigharimu kitu. Chukua unywele mmoja uliolowa, ushike kwa vidole pande mbili, uvute taratibu. Ukirefuka kidogo na kurudi, una uzima. Ukirefuka bila kurudi, au ukakatika papo hapo, usiweke kemikali yoyote, hata ile wanayoiita ya asili. Tiba ya protini mara moja, kisha unyevu kila wiki, na mkasi kwenye ncha zilizokufa.

*

Rangi ikiharibika, wengi hukimbilia kusuka ili kuficha. Nawaelewa, lakini huku ndiko nywele nyingi zinakoishia. Unywele uliopauka umepoteza nguvu ya kuvutwa, halafu tunaufunga rasta ndefu, nzito, zimebanwa hadi kope zinainuka. Baada ya mwezi zikifumuliwa, kingo za paji la uso zinatoka na rasta. Nywele zetu huota kama sentimita moja kwa mwezi, wakati mwingine pungufu, na ukingo ulioachwa wazi unachukua muda mrefu kujaa. Vaa kilemba. Vaa wigi isiyobana, juu ya mabutu mepesi.

*

Wanaoficha mvi wana kilio kingine: wametaka kahawia, imetoka nyeusi kama lami. Hapa usikimbilie blichi. Siku za mwanzo rangi bado inalegea, kwa hiyo osha kwa shampuu ya mba na maji ya uvuguvugu, kisha weka kondishona, maana shampuu hiyo inakausha. Isipotosha, kuna dawa maalumu za kuondoa rangi ambazo hazipaushi. Zinanuka kama yai viza, lakini kazi yake ni kuzirudisha chembe za rangi kuwa ndogo ili zitoke na maji. Watu wengi wanakosea kwenye kusuuza. Chembe zikibaki ndani hukutana na hewa na weusi unarudi, kwa hiyo suuza muda mrefu kupita unavyodhani inatosha.

*

Vijana waliomaliza kidato cha nne, baada ya miaka ya kunyoa kwa amri ya shule, wanakwenda kwa kinyozi kuweka rangi ya dhahabu kwenye nywele fupi. Sina ugomvi nao. Nywele fupi zikiharibika zinanyolewa na maisha yanaendelea. Hofu yangu ni ngozi, kwa sababu kwenye nywele za nusu sentimita blichi inakaa juu ya kichwa chenyewe. Usinyoe kwa wembe siku hiyohiyo. Mwambie kinyozi atumie peroksaidi ya asilimia 6, asipandishe hadi 12 ili amalize haraka. Ikianza kuchoma, ioshwe papo hapo, hata kama rangi haijafika.

*

Hina halisi, ile ya majani ya mhina, hutoa wekundu wa chungwa tu. Ukiuziwa hina nyeusi, uliza kilichomo. Baadhi ya unga huwa na chumvi za madini, na chumvi hizo zikikutana na peroksaidi hutoa joto linaloweza kuunguza nywele. Kwa hiyo aliyepaka hina asiyoijua achukue nywele zilizobaki kwenye chanuo, azitumbukize kwenye mchanganyiko wa rangi ndani ya bakuli la plastiki, aangalie nusu saa. Zikipata joto au zikibadilika ghafla, aache.

Wanawake wa pwani nawaomba wasome hapa mara mbili. Piko tunayochorwa mikononi mara nyingi ina PPD, kemikali ileile iliyomo kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Kama piko iliwahi kukutoa malengelenge, mwili umeshaikataa, na haisahau. Rangi ya nywele inaweza kukuvimbisha uso mzima. Hata ambaye hajawahi kudhurika ajaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla. Mwasho unaweza kuchelewa siku mbili au tatu, kwa hiyo usijione umepona kwa sababu usiku wa kwanza ulilala vizuri. Kope zikivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo, na ubebe boksi ili daktari asome kilichomo.