Kamera za ulinzi: Anayeuza boksi hauzi huduma

Biashara ya kamera za ulinzi wa nyumba imetoka Masaki na Oysterbay na sasa imefika pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Huko Chamazi, wilayani Temeke, eneo ambalo wengi walilifahamu kwa sababu ya uwanja wa Azam, nyumba mpya zinaongezeka na pamoja nazo fremu za maduka, vibanda vya wakala wa fedha na stoo za vifaa vya ujenzi. Mwenye duka anayefunga saa mbili usiku na kwenda kulala Mbande anataka kuuona mlango wake kwenye simu. Kamera anaipata Kariakoo, fundi anaifunga, na kwa mwezi wa kwanza mambo yanakwenda vizuri.

Baada ya hapo baadhi ya mambo yaliyoandikwa juu ya boksi hutoweka. Picha za jana hazionekani. Tahadhari iliyokuwa ikitofautisha mtu na paka inanyamaza. Programu ya simu inaeleza kwamba huduma hiyo haipatikani. Mnunuzi anarudi dukani akidai kauziwa kamera mbovu, muuzaji anamlaumu fundi, na fundi anaulaumu mtandao. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Kilichokwisha ni muda wa majaribio.

Wafanyabiashara wanapaswa kuielewa hesabu hiyo. Makampuni mengi ya nje yanauza kifaa kwa bei nafuu na kutafuta faida kwenye ada ya mwezi. Nchini Marekani, mwaka 2023, kampuni ya Google ilipandisha ada ya chini ya huduma za kamera zake za Nest kutoka dola 6 hadi dola 8 kwa mwezi, yaani nyongeza ya theluthi moja juu ya kamera ambayo mteja alikwishainunua. Mnunuzi wa Chamazi ana kikwazo cha ziada, kwani ada hizo kwa kawaida hutozwa kwa kadi, na baadhi ya huduma hutolewa kwa nchi zilizoorodheshwa tu. Kamera inaweza kuingia nchini ndani ya begi. Huduma haisafiri namna hiyo.

Hata huko zinakotoka, mambo hayana uhakika. Katika jimbo la Illinois, kamera za Nest hazitambui sura za watu wanaofahamika, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2008 inabana ukusanyaji wa alama za mwili. Wateja wa Wyze walipoteza utambuzi wa watu mwezi Januari 2020 baada ya kampuni iliyoikodishia Wyze ujuzi huo kuvunja mkataba. Dropcam, iliyonunuliwa mwaka 2014 kwa dola milioni 555, ilifungiwa huduma tarehe 8 Aprili 2024, na kamera zilizokuwa bado ukutani hazikuwa na kazi tena.

Mengine ni ya hapa hapa. Kamera nyingi za bei ndogo hupokea mawimbi ya Wi-Fi ya 2.4 peke yake. Ruta ikitoa ya 5 tu, hazionani. Luku ikiisha usiku, mwizi na mwenye nyumba wako gizani sawasawa.

Gharama kubwa zaidi, ambayo haiandikwi juu ya boksi, ni bando. Kamera inayorusha picha mtandaoni bila kupumzika kwa kasi ya megabiti 1 tu kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 10.8 kwa siku. Hakuna kibanda cha wakala kinachoweza kubeba mzigo huo kwa bando la kawaida la simu. Ndiyo maana kamera huwekwa zirushe vipande vifupi pale tu kitu kinapotikisika, na bando likikata, hata hivyo vipande havifiki.

Aidha, kuna umbali ambao mnunuzi hauoni. Mwenye duka akiwa Kariakoo na duka likiwa Chamazi, wote wamo ndani ya jiji moja, lakini kwa kamera nyingi za aina hii picha hupitia kwanza kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani, na mlango wa duka la Chamazi ukawa mbali kama Ulaya. Hali ilikuwa nzito zaidi kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa na wakazi wa Dar es Salaam wakawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Hizo ndizo siku ambazo mwenye mali alihitaji kuona kuliko siku nyingine yoyote.

Kamera iliyounganishwa kwa waya na mashine ya kurekodia, ile ambayo mafundi huiita DVR, haikuhitaji intaneti siku hizo. Ilihitaji umeme tu, au betri ya akiba, na picha zilibaki kwenye diski ndani ya duka. Haina mbwembwe, na mwizi mwerevu anaweza kuondoka na mashine yenyewe isipofichwa vizuri. Lakini kwa mtaji mdogo wa pembezoni ndiyo bidhaa ya kununua kwanza, na kamera ya mtandaoni ije baadaye kama nyongeza.

Kwa wauzaji, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumsomea mteja boksi zima bila kumwambia kipi kinalipiwa kila mwezi ni kukaribia mno kosa hilo. Dawa yake ni ya dakika tano: muuzaji azime ruta mbele ya mteja, kisha wahesabu pamoja kipi bado kinafanya kazi, na hicho ndicho kiandikwe kwenye risiti.