HARUFU KALI SI USAFI! Kibodi ya kompyuta, mafuta ya taa na mtoto anayetambaa (Sehemu ya 1 hadi ya 6)

SEHEMU YA 1
Mama mwenzangu, na wewe baba kijana unayesoma kwa kuchungulia simu ya mkeo, leo nina hasira kidogo. Mtanisamehe.

Jana kwenye grupu la wazazi mtu ametuma video ya dakika moja. Kijana amefungua kibodi ya kompyuta, zile za mekanikali zenye vitufe virefu vinavyolia ka-ka-ka, anailoweka kwenye beseni la mafuta ya taa. Eti inarudi kama mpya. Watu wakajaza vidole gumba. Mimi nikakumbuka mtoto.

Ni miaka kadhaa sasa. Aliletwa wodini kwetu akiwa hajatimiza miaka 2, anakohoa, mdomo unanuka taa. Mafuta yalikuwa kwenye chupa ya soda, sakafuni, pembeni ya kibodi iliyofunguliwa. Baba alitoka nje kupokea simu. Basi, ni hivyo tu. Mtoto alikaa kwenye oksijeni siku 5, na Mungu mkubwa, alipona. Lakini kila aliyekuja kuona mgonjwa alimwuliza mama: "Ulikuwa wapi?" Baba hakuulizwa na mtu.

SEHEMU YA 2
Tatizo letu ni hili: tumefundishwa kwamba kitu kisiponuka dawa hakijasafishwa. Ndiyo maana kwa kibodi moja tu watu wanatoa mafuta ya taa, petroli, thina ya rangi, jiki, na wengine wanachanganya jiki na limau "iwe kali zaidi".

Jamani, jiki ukiichanganya na limau, siki au dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Hiyo inachoma macho, koo na mapafu. Ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo na mtoto amelala kitandani, unatafuta nini? Na hiyo kibodi yenyewe haiponi. Chini ya kila kitufe kuna swichi yenye springi na vyuma vidogo vya kupitisha umeme, jiki inavila. Petroli na thina zinalainisha plastiki, tena zinashika moto kirahisi mno. Umeharibu kibodi, umehatarisha mtoto, halafu unasema umefanya usafi.

SEHEMU YA 3
"Lakini nesi, kibodi si ina vijidudu?"

Inavyo. Hata kitasa cha mlango kinavyo, hata simu uliyoshika sasa hivi. Ila kibodi haiendi mdomoni yenyewe, inapelekwa na mkono. Mtoto wako atakingwa zaidi na maji tiririka na sabuni kabla ya kula na baada ya choo kuliko kibodi iliyolowekwa kwenye sumu. Kibodi tunaisafisha kwa sababu ina vumbi, makombo na nywele, na vitufe vimeanza kunasa. Hiyo ni kazi ya brashi na sabuni.

SEHEMU YA 4
Haya, fanya hivi. Mtoto awe amelala au yuko na mtu mwingine. Ufanye juu ya meza, siyo mkekani.

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa kibodi. Kama ni ya betri, izime na utoe betri kama zinatoka.
2. Piga picha ya vitufe kwa simu ili ujue kila herufi inarudi wapi.
3. Igeuze kifudifudi, itikise taratibu nje ya nyumba. Mwenye pumu asikae karibu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia ndani na vumbi linakurudia machoni.
4. Ng'oa vifuniko vya vitufe kwa kile kikoleo chake cha waya, ukivuta wima. Vile virefu, kama cha nafasi, vina vyuma vya kuvishikilia pembeni, kwa hiyo nenda navyo polepole.
5. Loweka vifuniko kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo. Yasiwe ya moto sana, plastiki nyingine inapinda. Suuza, tandaza kwenye taulo, acha vikauke hadi kesho yake.
6. Ubao wenyewe USIUTIE MAJI. Pitisha brashi laini ya rangi au mswaki mpya kati ya swichi, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Penye unata, tumia pamba yenye spiriti kidogo ya asilimia 70. Weka spiriti kwenye pamba, usiimwagie kibodi. Fungua dirisha, na jiko au mshumaa usiwe karibu.
7. Rudisha vifuniko vikiwa vikavu kabisa, ndipo uchomeke.

Uji au soda imemwagika? Chomoa kwanza, geuza kifudifudi, iache ikauke. Usiiwashe "kujaribu tu".

SEHEMU YA 5
Sasa hii ni ya wababa. HESABU VIFUNIKO.

Chumba cha upasuaji tunahesabu gozi na vifaa kabla ya kufunga tumbo la mtu. Kikipungua kimoja, hatufungi mpaka kieleweke. Fanya hivyohivyo. Kibodi kamili huwa na vitufe kama 104. Hesabu ukivitoa, hesabu ukivirudisha. Chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki toilet pepa ikiisha: kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Kifuniko cha kitufe kinapita bila shida.

Na hakuna spiriti, mafuta ya taa wala jiki kwenye chupa ya soda au ya maji. Hata kwa dakika 5. Mtoto hasomi lebo, anajua chupa ya soda ni soda.

SEHEMU YA 6
Ikitokea amekunywa mafuta ya taa au petroli: USIMTAPISHE. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, haijalishi bibi amesema nini. Akitapika, yale mafuta yanaingia kwenye njia ya hewa, na kwenye mapafu ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkimbize hospitali na ile chupa mkononi. Hata kama anacheka. Kikohozi kinaweza kuja baadaye.

Akikabwa na kitu na hawezi kulia wala kukohoa: chini ya mwaka 1, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, mpige mgongoni mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze, mkandamize kifuani mara 5 kwa kitako cha kiganja kimoja. Rudia huku mwingine anatafuta usafiri. Usichokonoe koo kwa kidole kutafuta usichokiona.

Nawajua mtaandika "nesi unatisha watu". Sawa. Bora nikutishe hapa kwenye simu kuliko tukutane wodini saa 8 usiku.

Mtumie baba watoto. Msimtumie mama peke yake, yeye ameshaulizwa vya kutosha alikuwa wapi.

Wiki ijayo: rimoti na zile betri ndogo za duara. Hapo ndipo nitakasirika kweli.