KIOO CHA MBELE NACHO NI SEHEMU YA BIASHARA YAKO

Wajasiriamali wa mtandaoni, tunahesabu bando, vifungashio na nauli ya mzigo. Kioo cha mbele cha gari linalobeba mzigo huo usiku, nani anakihesabu?

Wewe unayeuza stroberi, njegere na kabichi za Mgeta kwa wateja wa Dar unaijua safari. Kirikuu inapakia Nyandira, inashuka milima ya Uluguru jioni, ikifika Sangasanga inaingia barabara kuu ya Iringa. Hapo bado takriban kilomita 200 hadi Dar, na giza limeshaingia. Malori ni mengi, na tangu 2023 mabasi nayo yameruhusiwa kutembea usiku. Dereva akipofushwa na taa sekunde mbili tu, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limeshakwenda mita 44 bila yeye kuona mbele. Mita 44 zinatosha kabisa kumgonga mtu au kuingia chini ya lori bovu.

Kila dereva analalamikia "full" za wenzake. Ni kweli wapo wakorofi, na zile taa kali za kufungia ndio balaa. Lakini taa za mwenzako huwezi kuzizima. Kioo chako unaweza kukisafisha, tena upande wa NDANI, ambao wengi wanausahau.

Kwa nini ndani? Plastiki ya dashibodi ikipigwa na jua hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama utando wa mafuta. Ongeza vumbi, pumzi na moshi wa sigara. Mchana huuoni. Usiku taa zikiugonga, mwanga unatawanyika kioo kizima na barabara inapotea. Na ile dawa ya kung'arisha dashibodi ikirukia kioo, inazidisha mafuta.

Fanya hivi:

1. Nje, mwaga maji kwanza. Ukifuta vumbi kavu unachubua kioo, na michubuko haitoki kwa sabuni.
2. Ndani, tumia kitambaa laini chenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Kisha pitisha kingine chenye maji safi, malizia na kikavu.
3. Ndani futa juu kwenda chini, nje futa kushoto kwenda kulia. Mstari ukibaki, utajua uko upande gani.
4. Futa na mpira wa waipa. Ukiwa umekatika au unaacha michirizi, badilisha.
5. Giza likiingia, simamisha gari mahali salama uangalie taa ya mbali kupitia kioo. Ukiona mistari au ukungu kuizunguka, rudia.

Kioo kikiwa safi na bado taa zinamuumiza dereva, akapime macho.

Najua utasema, "Gari si langu, mimi nakodi tu." Sawa, lakini mzigo ni wako, na huyo dereva ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Iweke kwenye makubaliano: hatupakii mpaka kioo kifutwe ndani na nje. Vitambaa na sabuni nunua wewe, viingie kwenye gharama za oda kama unavyoingiza maboksi. Unayetuma kwa bodaboda mjini Morogoro, kagua kioo cha helmeti vilevile.

Na jamani, tuache kumpigia dereva kila dakika kumi, "Umefika wapi?" Mwache asimame, afute kioo, apumzishe macho. Mteja akichelewa kupata stroberi zake, utamwomba radhi na yataisha. Familia ya dereva utaiambia nini?

Una dereva anayekubebea mzigo usiku? Mtumie posti hii kabla hajapakia leo.